Utu Haugawiwi na Bwana

Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, husifiwa sana kwa sababu mwaka 1650, mjini Roma, alimchora mtumwa wake Juan de Pareja kichwa juu, akitutazama usoni. Eti picha ile ilimpa mtumwa utu. Mimi nakataa.

Picha ilipotundikwa hadharani mwezi Machi, watu wakaistaajabia, Pareja alikuwa bado mali ya mtu. Hati ya kumwacha huru ilitoka Novemba, nayo ilimtaka atumike miaka 4 zaidi. Huo ndio wema tunaoambiwa tuupigie makofi?

Sisi wa Ole tunaujua wema wa namna hiyo. Hapa Pemba watumwa ndio waliopanda karafuu na kuzichuma. Sheria ya mwaka 1897 ilipowafungulia njia ya kudai uhuru, waliolipwa fidia ni mabwana. Na bado utamsikia mtu akisema, "Lakini fulani alikuwa bwana mwema."

Pareja naye alikuwa mchoraji. Mwaka 1661 alichora wito wa Mathayo Mtakatifu, picha iliyomo katika makumbusho ya Prado, Madrid. Humo kajichora mwenyewe, amesimama pembeni, mkononi ana karatasi yenye jina lake.

Basi, msomaji, ukitaka kumjua Pareja, anza na picha hiyo. Na ukitaka kuijua Pemba, usiulize bwana alikuwa mwema kiasi gani. Uliza mikarafuu ilipandwa na nani.