Mwanachama Asiye na Chama

Kuna maneno ambayo hayapaswi kuchezewa, na neno "mwanachama" ni mojawapo. Mwanachama ni mtu aliyejiunga na wenziwe kwa hiari, akatoa ada, na kwa ada hiyo akapata haki ya kuhudhuria mkutano, kusema, kupiga kura, kukagua hesabu na kuchaguliwa. Mwalimu aliye katika chama cha akiba na mikopo anaielewa maana hiyo bila kufundishwa, na karani aliye katika chama cha wafanyakazi anaielewa vivyo hivyo. Yafaa basi tujiulize imekuwaje neno hilo lichukuliwe na wafanyabiashara wa Marekani, libandikwe kwenye kadi yenye picha ya mnunuzi, kisha mamilioni ya watu waitwe wanachama wa duka ambalo hawana kauli yoyote ndani yake.

Maduka ninayoyasema ni yale maghala makubwa yenye sakafu ya saruji, ambamo bidhaa hupangwa juu ya chaga kama zilivyoshushwa kutoka kwenye lori, na kuuzwa kwa katoni, kwa magunia na kwa madumu. Bila kadi hununui, na kadi hulipiwa kila mwaka. Kampuni zinazotawala biashara hiyo huko Marekani ni Costco, Sam's Club iliyo mali ya Walmart, na BJ's. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2024, Costco ilipandisha ada yake nchini humo kutoka dola 60 hadi 65 kwa kadi ya kawaida, na kutoka dola 120 hadi 130 kwa kadi ya daraja la juu. Ndugu zetu wanaoishi huko wanazo kadi hizo, na sifa za maduka hayo zimetufikia hata sisi. Wapo wanaouliza kwa nini maduka kama hayo yasiletwe kwetu. Swali hilo ni halali, nalo lastahili jibu la haki.

Haki hiyo inatudai tuanze na mema yao, kwa sababu yapo. La kwanza ni bei. Costco imejiwekea desturi inayojulikana ya kutoongeza zaidi ya takriban asilimia 14 juu ya gharama ya bidhaa, au asilimia 15 kwa bidhaa zenye nembo yake yenyewe. Mlanguzi yeyote akisikia nyongeza hiyo atacheka. La pili ni nidhamu ya biashara. Duka la kawaida la kujihudumia la Marekani huweka bidhaa za aina makumi elfu; ghala la namna hii huweka aina zipatazo 4,000 tu. Kwa kuwa aina ni chache, kila moja hununuliwa kwa wingi mkubwa, muuzaji wa kiwandani hulazimika kushusha bei, mali haikai rafuni ikila vumbi, na fedha huzunguka upesi. La tatu ni kwamba Costco inasifika kwa kuwalipa wafanyakazi wake vizuri kuliko washindani wake wengi. Atakayesema kwamba huo wote ni ulaghai mtupu atakuwa amesema kwa hasira, na hasira haijapata kupunguza bei ya sukari.

Lakini uzuri wa bei usitufanye tusahau kuuliza duka ni la nani. Hapa historia inatupa somo ambalo watumishi wa serikali hasa wanapaswa kulijua, kwa maana walioanzisha jambo hili walikuwa watumishi wa serikali wenzao.

Mwaka 1948 wafanyakazi wapatao 800 wa posta katika jiji la Los Angeles waliungana ili wanunue bidhaa kwa jumla moja kwa moja kutoka kwa wauzaji wakubwa, waepuke bei za rejareja zilizowaelemea. Chombo chao kiliitwa Fedco, nacho hakikuanzishwa ili kumtajirisha mtu. Wenye duka na wenye kununua walikuwa watu wale wale. Mwanasheria mmoja wa San Diego, Sol Price, aliiona biashara hiyo ikistawi, na mwaka 1954 akafungua duka lake aliloliita FedMart. Yeye naye aliwalenga watumishi wa serikali, naye aliwatoza ada, dola 2 kwa familia. Tofauti ilikuwa moja tu: duka hili lilikuwa la kampuni. Kwa hatua hiyo moja, kadi ilibaki lakini umiliki ukaondoka.

Tusimdhulumu Price. Enzi hizo sheria za majimbo mengi ya Marekani zilikiruhusu kiwanda kupanga bei ambayo muuzaji wa rejareja asingeweza kuishusha, na duka la wanachama lilikuwa njia mojawapo ya kuukwepa utaratibu huo uliowaumiza walaji, ambao ulifutwa rasmi mwaka 1975. Baada ya kuondolewa FedMart na mwekezaji aliyeuziwa sehemu kubwa ya hisa, Price alianzisha Price Club mwaka 1976 katika jengo la zamani la ndege mjini San Diego. Mwanzoni aliwapokea wafanyabiashara wadogo tu, akapata hasara, kisha akafungua mlango kwa makundi mengine, wakiwemo watumishi wa serikali na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. James Sinegal, aliyefundwa kazi na Price, ndiye aliyeshirikiana na Jeffrey Brotman kufungua Costco mjini Seattle mwaka 1983, mwaka ule ule Sam Walton alipofungua Sam's Club ya kwanza. Mwaka 1993 Price Club na Costco ziliungana. Mti huu mkubwa, basi, mbegu yake ilipandwa na wafanyakazi wa posta, lakini matunda yake leo huchumwa na wenye hisa.

Tuangalie hesabu. Katika mwaka wake wa fedha wa 2024, Costco ilikusanya ada za wanachama zipatazo dola bilioni 4.8, wakati faida yake itokanayo na uendeshaji ilikuwa takriban dola bilioni 9.3. Maana yake ni kwamba ada peke yake ililingana na zaidi ya nusu ya faida hiyo. Mnunuzi amelipa kabla hajagusa hata kopo moja la nyanya. Akiokoa dola 10 katika kila dola 100 anazotumia, atalazimika kununua vitu vya dola 650 ili arudishe tu ada yake ya dola 65. Akiba yake inaanza hapo. Mwenye kadi ya daraja la juu hurudishiwa asilimia 2 ya manunuzi yake, lakini ili afidie zile dola 65 za ziada hana budi kununua vitu vya dola 3,250 kwa mwaka. Kwa hiyo kadi yenyewe inamsukuma kununua zaidi, na bidhaa zinazobadilishwa mara kwa mara humfanya atembee ghala zima kama mtu anayetafuta hazina. Aliyekwenda kununua mchele hurudi na hema. Chakula kinachooza katika jokofu kwa sababu kilinunuliwa kwa katoni hakikuwa rahisi hata kidogo.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo inamhusu mnyonge. Bei ya jumla humfaa mwenye fedha za kutanguliza, mwenye gari la kubebea, mwenye stoo na mwenye jokofu. Asiye na hivyo hununua kidogo kidogo, na mwenye kununua kidogo kidogo hulipa zaidi. Sisi hatuhitaji kusafiri kwenda Marekani ili tulijue hilo. Mama anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo kila jioni huyalipia ghali kuliko anayenunua dumu, na tofauti hiyo haitokani na uvivu wala ujinga wake. Inatokana na kwamba fedha ya dumu hajapata kuwa nayo siku moja. Huko Marekani familia maskini inaweza kulipia chakula katika maduka ya Costco kwa msaada wa serikali wa chakula, lakini msaada huo hauwezi kulipia ada ya kadi. Tena mwaka 2024 kampuni hiyo ilianza kuweka mashine mlangoni za kukagua kadi, ili mtu asitumie kadi ya jirani yake. Aliye nje atabaki nje.

Kasoro ya tatu ndiyo kiini cha hoja yangu. Ada ilipopanda mwaka 2024, ni mkutano gani wa wanachama ulioitwa? Haukuwapo. Kampuni ilitangaza, na wanachama wakalipa. Mwenye kadi akitaka kura hana budi kwenda kununua hisa katika soko la hisa, na hapo atapiga kura kama mwenye hisa, kwa uzito wa hisa zake. Linganisha na wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwezi Desemba 1844. Walichanga pauni moja moja. Kila mmoja alikuwa na kura moja, na ziada iligawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu. Ile asilimia 2 ya kadi ya daraja la juu inafanana na gawio la Rochdale kwa sura tu, kwa maana kiwango chake hupangwa na kampuni, na kampuni yaweza kukibadili. Mwenye kadi ni mpangaji aliyelipa kodi ya mlango, hata kama mlango huo unampeleka kwenye mchele wa bei nafuu.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba Fedco ilifunga milango mwaka 1999 wakati Costco inazidi kunenepa. Nitaambiwa tena kwamba hata kwetu Tanzania, COSATA, iliyoundwa mwaka 1962 ili kuyahudumia maduka ya ushirika, haikufika mbali. Na kwamba Operesheni Maduka ya mwaka 1976 iliwafungia wafanyabiashara binafsi vijijini kabla vijiji havijawa tayari kuendesha maduka yake, uhaba ukatokea, na amri ikabidi ilegezwe. Yote hayo ni kweli, na mtetezi wa ushirika anayeyaficha anaudhuru ushirika. Lakini tuyasome vizuri. Mwanakijiji wa mwaka 1976 aliitwa mwenye duka kwa tangazo. Hakuitwa kukagua daftari, wala hakuulizwa kama alilitaka duka hilo. Ugonjwa wake ni ule ule wa mwenye kadi wa Marekani, yaani jina bila madaraka. Pale ambapo wanachama wanabeba mzigo wenyewe, duka huishi. Mfano ni duka la ushirika la Park Slope, Brooklyn, lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo wanachama wake hufanya zamu za kazi dukani, nalo lingali wazi.

Kwa hiyo, kwa walimu na watumishi wenzangu, ushauri wangu ni huu. Tuchukue kutoka katika maghala hayo kile chenye thamani: aina chache za bidhaa, kununua kwa wingi, kuuza kwa fedha taslimu, nyongeza ndogo ya bei na mali isiyolala. Kadi yao tuwaachie. Walimu 20 wa shule moja wakichanga kila mwisho wa mwezi wanaweza kununua mchele, maharage, sukari na sabuni kwa bei ya jumla na kugawana kwa mizani, bila kumlipa mtu ada ya mlango. Vyama vyetu vya akiba na mikopo tayari vina daftari, vina mkutano na vina kura. Tena katika mgao wa namna hiyo, mhudumu wa ofisi mwenye mshahara mdogo anaweza kuchukua kilo mbili kwa bei ile ile anayolipa mwalimu mkuu achukuaye gunia, jambo ambalo ghala la kadi haliwezi kumpa.

Na ikitokea siku moja duka la kadi likafunguliwa jirani nasi, hakuna haja ya kulipiga mawe. Anayeona hesabu yake inamfaa na aingie anunue. Ila siku atakapoambiwa "karibu, mwanachama," na aulize maswali matatu: mkutano mkuu ni lini, daftari la hesabu liko wapi, na kura yangu naipigia wapi? Asipojibiwa, na ajihesabu kuwa ni mteja.