Ukiogopa Sindano, Kaza Misuli

Wapo watu wenye nguvu, wanaolima tangu alfajiri, lakini wakiona sindano au damu huzimia. Wengine huwacheka. Wengine husema wamerogwa. Si kweli. Mwili ndio unaofanya hivyo.

Ukikutana na nyoka njiani, moyo hudunda haraka. Viganja hutoka jasho. Damu hukimbilia kwenye misuli. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupigana. Kwa hofu ya namna hii, watu wengi hawazimii.

Hofu ya damu na sindano ni tofauti. Kwanza moyo huenda mbio. Kisha ghafla hupunguza mwendo, na mishipa ya damu hutanuka. Msukumo wa damu hushuka. Ubongo hukosa damu ya kutosha. Macho huona giza, masikio huvuma, na mtu huanguka. Mara nyingi hofu hii huwapata watu wa ukoo mmoja.

Hatari kubwa ni kukimbia zahanati kwa ajili ya hofu. Mtu aking'atwa na mbwa mwenye kichaa, sindano ndiyo itakayomwokoa. Aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kutibiwa siku hiyo hiyo. Asingoje dalili. Zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Kama unaogopa sindano, fanya hivi:

1. Mwambie mganga au muuguzi mapema. Usione haya.

2. Keti au lala. Usichomwe ukiwa umesimama.

3. Kaza misuli ya mikono, miguu na tumbo. Hesabu polepole mpaka 15, au mpaka uone uso unapata joto. Usizuie pumzi.

4. Legeza. Hesabu mpaka 30. Kaza tena. Rudia mara 5.

5. Wakati wa kuchomwa, mkono unaochomwa uwe umelegea. Kaza miguu na mkono wa pili.

Kukaza misuli hupandisha msukumo wa damu, nao ubongo hupata damu yake. Jizoeze nyumbani kila siku ukiwa umeketi.

Mwenzako akizimia, mlaze chali na umwinue miguu. Asipozinduka upesi, tafuta msaada wa mganga.

Ndugu, kumcheka mwenye hofu hakumponyi. Msindikize zahanati.