Hata udhaifu Kiingereza kiliuazima

Mjadala wa lugha ukipamba moto, hakosi mtu wa kudai kwamba Kiswahili ni lugha ya kuombaomba, kwa kuwa kimejaa maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza. Mara nyingi msemaji huyo hukisifu Kiingereza papo hapo, akiamini kimejitosheleza tangu asili. Imani hiyo haina msingi. Ushahidi wa kuivunja upo hata katika maneno ambayo Waingereza huyatumia kueleza hali ya kuishiwa nguvu.

Lianze neno lao la kila siku, "weak", yaani dhaifu. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao la ukoo huohuo, "wāc". Mwishoni mwa karne ya 8 Waviking wakaanza kuvamia pwani za nchi hiyo, baadaye wakalowea, na lugha yao ikaja na "veikr". La wageni likashika, la wenyeji likafa. "Droop", linalosemwa kwa ua au mabega yanayoinama kwa uchovu, nalo lilitoka Skandinavia.

Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikatawala ikulu na mahakamani. Humo ndimo yalimopitia "languish", kudhoofu kwa kukaa katika dhiki, na "fade", kufifia. "Feeble", yaani mnyonge, mzizi wake wa Kilatini ni kulia: mtu wa kuliliwa.

Lakini lililosafiri mbali zaidi ni "faint". Katika Kifaransa cha kale lilihusu kujifanya, jambo lisilo la kweli. Anayejisingizia kazini huonekana mvivu, na maana ikasogea hadi kwenye uvivu na woga, kisha unyonge, mwisho kuzirai. Leo mgonjwa anayeanguka bila fahamu, asiyejisingizia chochote, huelezwa kwa neno lililozaliwa na udanganyifu. Hakuna Mwingereza anayeona haya kulitumia.

"Pine" linasikitisha zaidi. Chanzo chake ni neno la Kilatini la adhabu, lililoingia katika Kiingereza cha kale likiwa na maana ya kutesa. Polepole mtesaji akatoweka katika neno hilo, akabaki anayeteseka: mtu anayekonda kwa majonzi au kwa kumkosa ampendaye. Wasomi nao waliendelea kuchota Kilatini na Kigiriki. "Enervate" kwa asili ni kukata au kuondoa kano za mwili, na "atrophy", kusinyaa kwa misuli au kiungo, ni kukosa lishe.

Waingereza wanayo pia ya kwao. "Wane" husemwa kwa mwezi unaopungua, "ebb" kwa maji yanayokupwa, na "wither", kunyauka, lina undugu na neno lao la hali ya hewa, kana kwamba mmea umeachwa nje upigwe na jua na upepo. Wavuvi wa Lamu na Pemba wangeielewa mantiki hiyo bila kufundishwa.

Hali ya Kiswahili haina tofauti. Fifia, nyauka, legea, sinyaa na nyong'onyea ni ya Kibantu, nayo yanafanya kazi bega kwa bega na dhaifu, hafifu na taabani yaliyotoka Kiarabu. Tena Waswahili hawakuyapokea kama yalivyo. Hafifu kwa Waarabu ni chepesi. Kwa Waswahili kitambaa hafifu ni kile kisicho na ubora, na mwanga hafifu ni ule usiotosha kusomea. Huko ni kumiliki neno.

Kinachokosekana ni kuyasema haya darasani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilikwisha kuonyesha maneno mengi ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu, na kamusi za Kiingereza hueleza asili za maneno yake waziwazi. Mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wangeweza kukaa pamoja kwa kipindi kimoja, wakaandika ubaoni "dhaifu" na "weak", wakawaachia wanafunzi wafuatilie kila neno lilikotoka. Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo hatatishwa tena na anayemwambia kwamba lugha yake ni ya kuokoteza.