Koti moja, nchi mbili: Sheria za mitumba hazimjui muuzaji wa mtandaoni wa Arua

Na Mwandishi Wetu, Arua

Koti la jinzi lilitoka kwenye belo likiwa limekunjamana kama karatasi iliyotupwa. Muuzaji alilinunua kwa shilingi 8,000 sokoni Arua. Alilifua, akalinyoosha kwa pasi ya mkaa, akalitundika ukutani mahali penye mwanga wa asubuhi na kulipiga picha nne: mbele, nyuma, lebo ya shingoni, na kifungo kimoja chenye kutu. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa na wateja watatu. Mmoja yuko hapa hapa Arua, wa pili Koboko, wa tatu Aru, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Huyo wa Aru ndiye aliyetaja bei nzuri kuliko wenzake, shilingi 45,000.

Hapo ndipo biashara ilipokwama. Mteja alikuwa tayari na fedha ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni njia halali ya kupeleka koti moja mahali ambapo bodaboda hufika kwa muda mfupi tu.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kimebeba swali kubwa kwa kila anayefanya biashara ya mpakani. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Koboko, mji uliokaa jirani na mahali mipaka ya nchi hizo mbili na Uganda inapokutana, leo umezungukwa na wanajumuiya watupu. Kwa nini basi muuzaji wa nguo kuukuu anaona mpaka ni mgumu vilevile?

Macho ndiyo mtaji

Muuzaji huyu ni mwanamke mwenye umri usiofika miaka 30, anaishi upande wa Oli, na ameomba asitajwe jina. Hana kibanda wala meza sokoni. Ana simu, kamba ya kuanikia, na macho.

Belo linapofunguliwa, watu hupanga foleni ya bei. Wa kwanza hulipa zaidi ili wachague kabla ya wengine. Gikomba, Nairobi, nguo za daraja hilo huitwa kamera. Wanafuata wenye henga na vibanda. Jioni kinachobaki humwagwa juu ya turubai na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wauzaji wengi wa mtandaoni hukimbilia mchago wa kwanza kwa sababu ndiko kwenye majina makubwa ya viwanda. Yeye hupenda turubai. Nguo yenye jina maarufu kila mtu huijua, lakini nguo ya zamani isiyojulikana hubaki chini hadi jioni.

Ujuzi wake uko kwenye lebo. Nguo iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Ujerumani Magharibi haiwezi kuwa ya juzi, maana nchi hiyo iliungana na ya Mashariki mwaka 1990. Kitenge chenye neno Zaire kwenye pindo kilichapwa kati ya 1971 na 1997, miaka ambayo Kongo ilibeba jina hilo. Shuka au shati la Nytil lina historia ya kiwanda cha Nyanza Textile kilichoanzishwa Jinja katika miaka ya 1950. Wateja wake hununua nguo pamoja na habari yake, na habari hiyo ndiyo inayogeuza shilingi 8,000 kuwa 45,000.

Lakini vitu vyake bora havitoki kwenye belo. Vinatoka Koboko, ndani ya masanduku ya bati. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, familia nyingi za West Nile zilikimbilia Sudan na Zaire, na nyingine hazikurudi hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Walipoondoka walibeba nguo, na waliporudi walirudi na nguo nyingine za huko. Bibi anapofungua sanduku kutafuta kitambaa cha arusi, mara hutokea kanzu ya Khartoum, kitenge cha Zaire, au shati la Nytil ambalo marehemu babu alilivaa Jumapili tu.

Muuzaji huyu ana kanuni moja hapo: hanunui siku ile ile. Hukaa, hunywa chai, husikiliza, kisha humwachia bibi siku mbili azungumze na watoto wake. Anasema aliwahi kununua haraka, na wiki iliyofuata mjukuu akaja analia. Alilirudisha shati na hakudai hata nauli.

Duka la mkononi lina kodi zake

Anayedhani kuuza mtandaoni hakuna gharama ajaribu kuuza kutoka Arua. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na hadi leo wanaoitumia hupitia VPN. Mwezi huo huo intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo wauzaji wa hapa wamejijenga kwenye stetasi za WhatsApp na video za TikTok, huku kila mmoja akitunza namba za wateja kwenye daftari la karatasi pia. Intaneti ikizimwa, daftari linabaki.

Kuhusu kodi, mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bei ya data. Upande wa fedha za simu, kila anayetoa pesa kwa wakala hukatwa asilimia 0.5, mbali na ada ya kampuni. Kwa koti la shilingi 45,000 hiyo ni shilingi 225. Ni kidogo ukitazama koti moja. Lakini muuzaji hutoa fedha mara kwa mara kwa sababu mwenye belo anataka pesa taslimu, na kila mzunguko unakatwa upya.

Kuna nafuu pia. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Arua mwaka 2024, baada ya West Nile kutegemea kwa miaka mingi mtambo mdogo wa Nyagak na jenereta. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imeigeuza safari ya Koboko kuwa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hata hivyo mwaka huo huo wa 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, na mabelo kutoka Kampala yakazunguka njia ndefu. Gharama ya mzunguko huo ilimfikia mnunuzi wa mwisho.

Sheria inaona kilo, yeye anauza kipande

Turudi kwa koti. Wafanyabiashara wadogo wengi wanaijua nafuu ya Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000: unajaza cheti rahisi cha asili ya bidhaa mpakani na mzigo unavuka bila ushuru wa forodha. Nafuu hiyo imewasaidia wauzaji wa maharage, mihogo na samaki. Neno la kuangalia ni asili. Bidhaa lazima iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya.

Koti letu halina asili hiyo. Huenda lilishonwa Asia, likavaliwa Ulaya, likashushwa Mombasa na kupita Kampala. Kwamba lilishalipiwa ushuru lilipoingia Uganda hakubadilishi kitu, kwa kuwa kila nchi inataka ushuru wa bidhaa za nje zitakazotumika kwake. Kwa afisa wa upande wa pili, hili ni koti la kigeni linaloingia kwa mara ya kwanza.

Tukubali kwamba hoja hiyo ina haki yake. Kongo na Sudan Kusini zinahitaji mapato, na kama bidhaa za kigeni zingevuka bure kwa sababu zimelipiwa Uganda, hazina za nchi hizo zingekauka. Tatizo ni kipimo. Ushuru wa pamoja wa mitumba umeandikwa kwa ajili ya makontena: asilimia 35 ya thamani, au kiwango kwa kila kilo, kipi ni kikubwa. Haukumfikiria mtu mwenye koti moja ndani ya mfuko wa plastiki. Akitaka kufuata utaratibu wote anahitaji wakala wa forodha, na ada ya wakala inaweza kupita bei ya koti. Muuzaji wetu anakumbuka kituo kimoja cha mpakani alikotajiwa viwango viwili kwa nguo zile zile, asubuhi na mchana. Hakupewa risiti kwa chochote.

Hapo ndipo njia za panya zinapopata wateja. Wanaozipita wengi hawana chuki na kodi. Wamepiga hesabu wakaona njia halali inagharimu kuliko bidhaa. Na anayepita huko ndiye anayebeba hasara yote: mzigo ukichukuliwa hana karatasi, akidhulumiwa hana pa kushtaki, na mwanamke akipita peke yake ana hatari zaidi ya kupoteza nguo.

Kivuli cha marufuku

Juu ya hayo kuna tishio la kupigwa marufuku biashara yenyewe. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Wauza nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka 2017, na nchi nyingi zikarudi nyuma kwa kuogopa kupoteza soko la AGOA. Rwanda pekee ilisimama: ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo. Kisha Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza akiwa Mbale kwamba mitumba sasa basi, akisema ni nguo za wazungu waliokufa.

Mfanyabiashara wa mpakani azingatie jambo moja hapa. Hofu ya AGOA ndiyo iliyokuwa breki kubwa mwaka 2017. Uganda iliondolewa kwenye AGOA kuanzia Januari 2024, kwa sababu nyingine kabisa. Breki hiyo imelegea. Iliyobaki ni ya ndani: wingi wa watu wanaoishi kwa mitumba, na wingi zaidi wa wanaoivaa.

Wanaotaka marufuku wana hoja nzito. Uganda inalima pamba na kuiuza nyingi nje kabla haijawa kitambaa, huku ikinunua nguo zilizovaliwa na wengine. Lakini Rwanda imetuonyesha kinachofuata ushuru unapopanda upande mmoja wa mpaka: mitumba ilianza kuingia kwa magendo kutoka Kongo. Kwa West Nile hali inaweza kuwa hiyo hiyo. Leo nguo zinatoka Arua kwenda Aru na Ariwara. Marufuku ya Uganda peke yake inaweza kugeuza mkondo, nguo zikarudi kutoka Ariwara usiku.

Daftari la muuzaji wetu lina somo jingine ambalo watunga sera wangelipenda. Nguo inayogombewa kuliko zote na wateja wake, Arua na ng'ambo, ni shati la Nytil. Watu hawa hawachukii kitambaa cha Uganda. Wanakitafuta cha miaka 40 iliyopita na kukilipia vizuri, kwa sababu kilikuwa kizito na hakikuchuja.

Hatua zilizo karibu

Serikali zinaweza kuanza na jambo dogo: kiwango cha chini cha thamani ambacho chini yake nguo iliyovaliwa, yenye risiti ya kununuliwa ndani ya Jumuiya, inavuka kwa malipo ya mara moja yanayojulikana. Kiwango hicho kibandikwe ukutani kwa Kiswahili. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na Jumuiya nayo inaitambua. Mpakani mwa Vurra karatasi za upande mmoja ni za Kiingereza na za upande wa pili ni za Kifaransa, lakini wanaovuka wanaelewana kwa Kilugbara, Kilingala na Kiswahili.

Wauzaji nao wana la kufanya. Wengi hujificha wakiogopa kodi ambayo hawadaiwi. Kwa kodi ya makadirio ya Uganda, biashara yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 10 kwa mwaka hailipi kitu, ingawa leseni ya biashara ni jambo lake lenyewe. Kati ya milioni 10 na 30, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 80,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10. Aliyeuza milioni 16 na ana daftari safi atalipa 24,000. Daftari limemwokolea 56,000, na siku akitaka mkopo au akihojiwa mpakani, litasema kwa niaba yake.

Na lile koti? Mteja wa Aru alichoka kusubiri akaja mwenyewe. Alilijaribu, akalipa, akalivaa papo hapo na kupanda bodaboda kurudi kwao, jua la saa nane likiwaka utosini. Mpakani hakuna aliyemuuliza chochote. Koti lililovaliwa mwilini halina ushuru.

Muuzaji alicheka aliposimulia, kisha akaonyesha mfuko uliokuwa pembeni. Mlikuwa na sketi saba za mteja wa Kaya, Sudan Kusini, ambaye ameshalipa nusu. Sketi saba hazivaliki kwa pamoja.