Mkongojo ufike kabla nyonga haijavunjika

Katika maduka ya Moshi mjini yanayokodisha vifaa vya kupandia mlima, fimbo za alumini hazikosekani. Kijana wa kigeni mwenye magoti mazima huchukua jozi bila haya, kwa kuwa ameshaambiwa kwamba kupanda ni nusu ya kazi. Kutoka kileleni, mita 5,895, hadi lango la Mweka lililo kwenye mita 1,640 hivi, ni mteremko mtupu, na hapo ndipo magoti huanza kulalamika. Hakuna anayemcheka wala kumwita mzee.

Kwenye miteremko ya mlima huo huo, huko Kibosho, Uru au Machame, bibi wa miaka themanini hushuka kwa mguu mteremko wake kila siku, tena bila mwongozaji. Udongo wa masika unateleza, mfongo, yaani mfereji wa maji, unavukwa juu ya gogo, miguuni ana kandambili, na mkononi ana mwavuli uliokunjwa hata kama mbingu ni nyeupe. Mwavuli ndio mkongojo wake, ila hataki uitwe hivyo.

Ajabu ni kwamba wajuzi hawako mbali naye. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, na ndani ya eneo lake, tangu 1981, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, vishikizo vya miguu na viti vya magurudumu. Wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Wataalamu wa fiziotherapia nao wanafundishwa hapo hapo. Tatizo ni njia ya kuwafikia. Kwa wazee wengi wa mlimani njia hiyo hupitia kwenye ajali: mtu anaanguka usiku akienda choo cha nje, nyonga inavunjika, anabebwa hadi hospitali, anafanyiwa upasuaji, na siku za kuruhusiwa zikikaribia ndipo anapewa magongo au fremu ya kutembelea. Kifaa cha kuzuia kuanguka kinageuka kuwa zawadi ya kuanguka.

Hasara yake si ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kati ya ajali zinazoua, kuanguka kunatanguliwa na ajali za barabarani tu. Bodaboda zinajadiliwa bungeni, redioni na vijiweni, na ni haki zijadiliwe. Ngazi ya jikoni iliyolowa haina wa kuijadili.

Mkongojo wenyewe unadharauliwa kwa sababu unaonekana rahisi mno. Watu hudhani kazi yake ni kubeba uzito. Kubeba unabeba, lakini pia unaupa mwili taarifa. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa mtu akigusa kitu imara kwa ncha ya kidole tu, bila kukiegemea, kuyumba kwake hupungua, kwa kuwa mkono unauambia ubongo mwili umeelekea wapi. Mzee ambaye macho yamefifia na nyayo zimekufa ganzi kwa kisukari anaihitaji mno taarifa hiyo.

Lakini fimbo yoyote haifai. Inayofaa hufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mtu akiwa amesimama na viatu vyake, mikono ikining'inia. Ikizidi inanyanyua bega, ikipungua inampinda mgongo. Tena hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, jambo ambalo karibu kila mtu hulikosea, kwani akili humtuma aiweke palipo na maumivu. Mjane anayetembelea fimbo ya marehemu mumewe, aliyemzidi kimo kwa kichwa kizima, ana kumbukumbu nzuri na kifaa kibaya.

Wako pia ambao fimbo pekee haiwatoshi. Utafiti uliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, ukachapishwa 2008, uliwahusu watu 161,071 na kukuta 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa mitetemo, kukakamaa na hatua fupi fupi. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Kwa baadhi ya wagonjwa wa aina hii, fremu ya kunyanyua na kutua huikata hatua na kuwagandisha zaidi, kwa hiyo lazima ajuaye awatazame wakitembea kwanza.

Na kutazama hakuhitaji mashine. Mzee anyanyuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi, akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini. Kiti kipo kila nyumba na saa ipo kwenye kila simu. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unawapeleka watu hawa milangoni mwa wananchi. Wapewe utepe wa kupimia, wafundishwe kipimo hiki kwa asubuhi moja, na zahanati iandike mkongojo kama inavyoandika vidonge vya presha. Mzee asiye na uwezo ana msamaha wa kuchangia matibabu, na fimbo yake iingie humo humo.

Kuhusu aibu, wanaume wana nafuu. Mwalimu Nyerere aliutembeza ulimwenguni mzima kifimbo kifupi kisichofaa hata kuegemea, kikawa alama ya heshima. Wanawake ndio wanaojificha nyuma ya mwavuli, na bila shaka mkongojo uliochongwa vizuri ungewafaa kuliko semina.

Kuuchonga nako hakuhitaji meli kutoka Ulaya. Seremala wa Kiborloni anaweza kuutengeneza, na fundi wa makatambuga akakata kipande cha tairi cha kuuvisha chini usiteleze. Mafundi wa TATCOT watoe vipimo na wakague kazi. Watoto wa wazee hawa wanaopanda mlimani kutoka mijini kila Desemba na mchele, soda na bati la kuezekea nao wanaweza kuongeza kitu kimoja kwenye mzigo: bomba la chuma la kushikia, la kufungwa kati ya mlango wa nyuma na choo, kabla ya mvua za Machi.