KILABU CHETU: TUBANE MATUMIZI, TUSIWABANE WAPISHI



Kilabu chetu cha mbege kinauza, lakini sanduku la fedha halijai. Jioni mabenchi yote yana watu, kelele zinasikika hadi barabarani, halafu mwisho wa mwezi mtunza hazina anasoma faida isiyotosha hata mabati ya darasa tuliloahidi watoto wetu. Sasa yameletwa mapendekezo ya kupunguza gharama: ujira wa akina mama wapishi ukatwe, mlinzi wa usiku aachishwe kazi, na mbege iongezwe maji kidogo "ili itoshe". Mkutano Mkuu utaamua. Sisi wa gazeti hili la ukutani tunapinga yote matatu, na tunaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane juu ya gharama zenyewe. Ziko zinazofuata pombe, kama ndizi na ulezi. Ukipika pipa moja unanunua ya pipa moja, ukipika mawili unanunua ya mawili. Ziko na nyingine zinazokaa pale pale, watu wanywe wasinywe: leseni, umeme, nauli za kwenda mjini, posho za vikao. Hizi za pili ndizo zinazotumaliza, maana hazipigi kelele. Mwenye kubana matumizi aanze huko, asianze kwenye ndizi na ulezi.

Tuanze na kuni. Pipa letu linachemkia juu ya mafiga matatu, uwanjani, upepo ukipita. Moto mwingi unapasha hewa, pipa linapata kidogo. Tena kuni zenyewe tunazinunua mbichi. Kuni iliyokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto lazima uyakaushe maji hayo kabla haujafanya kazi ya kuchemsha ndizi. Jamani, hiyo ni kulipia maji kwa bei ya kuni! Tujenge jiko banifu la udongo na matofali, lilizunguke pipa vizuri, na tujenge kibanda cha kuni ili tuzinunue mapema zikauke. Udongo upo, mafundi tunao. Ni kazi ya siku chache za kujitolea.

Umeme nao tuupigie hesabu. Kilabu kina globu tano za zamani za wati 60. Zikiwaka saa sita kila usiku, kwa siku 30 zinakula uniti 54. Globu tano za LED za wati 9, kwa saa zile zile, zinakula uniti 8 na kidogo. Hizo uniti 45 na ushee tunazinunua kwa luku kila mwezi bure. Halafu ziko friji mbili za soda na bia, kila moja nusu tupu, na moja imewekwa ukuta mmoja na jiko la nyama choma! Friji kazi yake ni kutoa joto ndani. Ukiiweka penye joto itahangaika mchana na usiku. Vinywaji viingie friji moja, isogezwe mbali na jiko, na nyuma yake pabaki nafasi ya hewa. Mpira wa mlango nao upimwe: bana karatasi mlangoni, ikichomoka bila kushikwa, baridi inatoka hapo.

Mbege haisubiri mtu. Siku mbili tatu imeshachachuka, na ikimwagwa, zimemwagwa ndizi, ulezi, kuni na jasho la mpishi. Hata hivyo tunapika kiasi kile kile siku ya gulio na siku ya kawaida. Basi kila jioni mhudumu aandike lita zilizouzwa na lita zilizobaki. Baada ya mwezi mmoja daftari lenyewe litatuambia siku ya kupika pipa moja na siku ya kupika mawili.

Na mikopo je? Tuseme katika kila shilingi 1,000 ya mauzo faida ni 200. Mtu akinywa mbege ya 1,000 akatokomea, ametupotezea gharama ya 800. Ili kuirudisha lazima tuuze ya shilingi 4,000 bila kupata senti ya faida. "Andika, nitalipa kesho" ni neno tamu, lakini kesho hiyo wengine wetu tunaisubiri tangu msimu uliopita.

Sasa tuseme lile linalosemwa pembeni. Vinywaji vya viongozi baada ya kikao viko katika fungu la "mengineyo", na posho za vikao zinatoka kwenye sanduku hili hili la kilabu. Mama anayeamka alfajiri kuwasha moto ndiye akatwe ujira, na aliyekaa kitini apewe chupa ya bure? Hiyo si haki. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikaja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Lawama mojawapo iliyorudiwa sana ni kwamba gharama za uendeshaji zilikula jasho la mkulima kabla hajalipwa. Tusilirudie hilo katika kilabu chetu.

Ujira wa mpishi unanunua ladha. Yeye ndiye anayejua ndizi imeiva kiasi gani na kimea cha ulezi kimeota vya kutosha. Akiondoka atapikia nyumbani kwake, na wateja watamfuata huko huko. Maji hayana gharama, lakini mteja ana ulimi. Na mlinzi akiachishwa, mwizi akibeba friji usiku mmoja, mishahara yote tuliyookoa imekwenda naye.

Kwa hiyo tunaomba Mkutano Mkuu upitishe haya:

1. Jiko banifu na kibanda cha kuni vijengwe kwa kazi ya kujitolea.
2. Globu zibadilishwe na friji moja izimwe.
3. Lita zilizouzwa na zilizobaki ziandikwe kila siku.
4. Mkopo usimame, na wadaiwa walipe kwa awamu.
5. Hakuna kinywaji cha bure kwa yeyote. Posho za vikao zisomwe hadharani.
6. Ujira wa wapishi na mlinzi usiguswe.

Mwanachama, njoo mkutanoni. Ukibaki nyumbani, wengine watakuamulia, halafu utalalamika ukiwa na kata mkononi. Tubane matumizi, tujenge darasa!

Kamati ya Gazeti la Ukutani