Walokole na Wasome Riwaya

Kuna maneno yanayosemwa mimbarini kuanzia Mbarara mjini hadi Rubondo ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kila yakisemwa kanisa zima huitikia amina: riwaya ni uongo, na aliyeokoka hana nafasi ya uongo, anayo Biblia na inamtosha. Yanasemwa kwa Kinyankole, kwa Kiswahili cha Bukavu na cha Uvira, wakati mwingine kwa Kiingereza cha mgeni aliyepita siku mbili. Mabinti wameyasikia mpaka wamejifunza kuficha. Nimeona pale Base Camp, ndani ya makazi hayohayo, riwaya ya Kimarekani iliyovalishwa jalada la kitabu cha nyimbo. Kurasa zake zilikuwa zimelainika kama kitambaa kwa kupita mikononi mwa watu, na ukurasa wa mwisho ulikuwa umenakiliwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari, kwa sababu wenyewe ulichanika. Kuna mtu aliketi akaandika neno kwa neno ili msomaji atakayefuata asikose mwisho. Kanisa lake linamwambia alitenda dhambi.

Mimi ni Mkristo, na nasema kanisa limekosea. Limekosea kuhusu Biblia yenyewe, kabla hata hatujafika kwenye riwaya.

Fungueni Samweli wa Pili, sura ya 12. Daudi amemchukua mke wa Uria Mhiti, kisha amepanga Uria asimamishwe mahali ambapo vita ni vikali, afe. Amri dhidi ya uzinzi na uuaji zipo, na mfalme anazijua. Mungu anamtuma Nathani, na Nathani hamsomei mfalme amri hata moja. Anamsimulia habari za tajiri mwenye mifugo tele na maskini mwenye mwanakondoo jike mmoja, aliyelelewa ndani ya nyumba pamoja na watoto, mpaka siku tajiri alipopata mgeni akamnyang'anya maskini kondoo wake. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu. Ndipo Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Yule maskini hakuwahi kuishi. Kondoo hakuwahi kuzaliwa. Nabii alitunga kisa, na kisa hicho kilimfikisha mfalme mahali ambapo sheria aliyoijua kwa moyo haikumfikisha.

Yesu alifanya hivyo mbele ya makutano. Mwana aliyetapanya mali hana jina wala kijiji. Msamaria aliyemwinua majeruhi njiani hatumtafuti katika kumbukumbu za Yeriko. Katika kitabu cha Waamuzi Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu na kuzungumza juu ya miti inayotafuta mfalme, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kuinuka kusema kwamba miti haisemi. Kwa hiyo mchungaji anayesema kila kisa cha kubuni ni uongo anamhukumu Bwana wake bila kujua.

Hoja hii wala si mpya. John Bunyan alifungwa Bedford, Uingereza, miaka kumi na miwili kwa kuhubiri bila kibali, na mwaka 1678 akatoa kitabu cha safari ya Mkristo anayekimbia kutoka mji wa maangamizi kwenda mji wa mbinguni. Rafiki zake wengine walimshauri asichapishe, kwa sababu ni hadithi ya kubuni. Aliwajibu mwanzoni mwa kitabu hichohicho, akiwakumbusha kwamba manabii na Kristo walisema kwa mifano. Wamisionari walikibeba kitabu hicho kote Afrika, mara nyingi kikitafsiriwa muda mfupi tu baada ya Maandiko, na Waswahili walikuwa nacho kabla karne ya 19 haijaisha. Kanisa linalokataza riwaya leo liliingia nchi hii na riwaya mkononi.

Nijuavyo mimi, hofu hasa si ya kubuni. Keti katika kesha lolote la Ijumaa pale Juru, Nakivale. Vijana wataleta igizo, na Mariamu wa igizo atasema maneno ambayo Luka hakuyaandika. Jumapili jioni familia zilezile zitajibana mbele ya simu au televisheni kutazama filamu za Mount Zion, kundi aliloanzisha Mike Bamiloye nchini Nigeria mwaka 1985, zenye wachawi, ndoa zinazovunjika na mapepo yanayokemewa. Hakuna anayeuliza kama yule mganga wa kwenye filamu aliishi kweli. Kinachoogopwa ni msomaji. Filamu inatazamwa na watu kumi, na baba yupo, anaona wanachoona. Anayesoma yuko peke yake na kitabu chake, na hakuna ajuaye anafikiri nini.

Sasa niseme jambo zito zaidi. Upande huu wa Uganda tumeshaona watu walioogopa uongo kuliko Mkristo yeyote ninayemjua. Walikuwa Kanungu, saa chache kwa gari kutoka Mbarara, katika kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu la Credonia Mwerinde na Joseph Kibweteere. Waumini wake walikuwa wakizungumza kwa ishara za mikono, ulimi usije ukavunja amri inayokataza kushuhudia uongo. Wakati huohuo walikuwa na kitabu kilichojaa maono, kilichogawiwa kama ujumbe wa Yesu na Bikira Maria, kikiutaja mwaka 2000 kuwa mwisho wa nyakati hizi. Tarehe 17 Machi mwaka huo watu zaidi ya 500 waliteketea katika jengo lao la ibada, na baadaye polisi wakafukua mamia ya miili mingine katika nyumba za kundi hilo. Mwaka 2023, kule Shakahola karibu na Malindi, Kenya ilianza kufukua miili ya waumini wa kundi lingine, iliyopita 400.

Sidai kwamba maktaba ingeuzima moto wa Kanungu. Nadai kwamba kuuogopa uongo hakumlindi mtu. Kinachomlinda ni kuzoea kuuliza: anayenisimulia haya ni nani, anataka nifanye nini, na kwa nini nimwamini? Maswali hayo msomaji wa riwaya huyafanyia mazoezi kila siku. Katika hadithi ya mashaka na uchunguzi hakuna mhusika anayeaminiwa mpaka mwisho. Msomaji anajifunza kwamba mwenye sauti ya upole anaweza kuwa ndiye muuaji. Muumini aliyefundishwa kwamba kila kinachoitwa ushuhuda ni kweli, na kila kinachoitwa hadithi ni uongo, hajapewa silaha yoyote.

Tazameni tunachosoma badala ya riwaya. Kijitabu cha Emmanuel Eni, kilichotoka Nigeria mwaka 1987 na kuenea nchi nyingi za Afrika, kinaeleza habari za mji ulio chini ya bahari na malkia wake, na kinazieleza kama mambo yaliyompata mwandishi. Vijitabu vya namna hiyo vinasomwa kwenye vikundi vya maombi bila swali. Mwaka mmoja kabla yake, Frank Peretti alitoa Marekani kitabu chake cha malaika na mapepo wanaogombania mji mdogo, This Present Darkness, akakiita riwaya. Kati ya hao wawili, Peretti ndiye aliyemwambia msomaji wazi kwamba ametunga. Kweli, hata chake wapo walioking'ang'ania kama mwongozo wa maombi ya vita, lakini hao ni watu ambao hawakufundishwa kusoma riwaya kama riwaya. Kosa lilelile tena.

Wachungaji wanaponiambia habari za riwaya za mapenzi, wanapunguza sauti. Mabinti wataharibika, wanasema. Basi wakisome tena kitabu cha Ruthu, na wasiruke sura ya tatu. Mjane mgeni anaoga, anajipaka mafuta, anavaa vizuri, anashuka usiku kwenye uwanja wa kupuria na kulala miguuni pa mwanamume aliyekula akashiba. Ni hadithi ya mapenzi yenye mashaka ndani yake, na wengi wa wasomaji wake Nakivale wanajua ni nini kuokota masazo katika shamba la mwenyeji. Binti anayekatazwa kusoma juu ya mapenzi hakai bila mafundisho juu ya mapenzi. Anafundishwa na kijana wa bodaboda, na simu, na shangazi aliyeolewa akiwa na miaka 15.

Sizitetei riwaya zote za Kikristo. Nyingi zinazofika hapa ni vitabu vya msaada vya Kiingereza, vyenye theluji na farasi, na baadhi ni vibaya kweli. Redeeming Love ya Francine Rivers, ya mwaka 1991, imechukua habari za nabii Hosea ikazipeleka California enzi za kukimbilia dhahabu: mwanamume mcha Mungu anamwoa mwanamke aliyeuzwa kwenye ukahaba tangu utotoni. Namna inavyoonyesha mwanamke asiyeweza kuamini kwamba anapendwa ni ya kweli, na wapo wanawake hapa watakaomtambua kabla ya ukurasa wa 20. Lakini mume hana doa. Msichana akimngoja mume wa namna hiyo atazeeka akingoja. Mfululizo wa Left Behind wa Tim LaHaye na Jerry Jenkins, vitabu 16 kati ya mwaka 1995 na 2007, umewafanya wasomaji wengi waugeuze Ufunuo kuwa ratiba ya matukio. Ubaya wa vitabu vya aina hii hautokani na kubuni. Unatokana na kumdanganya msomaji juu ya wanadamu: kwamba anayeomba hupata kabla ya sura ya mwisho, kwamba mwovu hujulikana kwa uso. Nakivale ilipokea kwanza Watutsi waliokimbia Rwanda, na tangu hapo imepokea Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Huwezi kumwambia mama aliyeomba kuhamishiwa nchi ya tatu mwaka baada ya mwaka kwamba sala hujibiwa kwa ratiba ya mtunzi. Atakifunga kitabu, na atakuwa na haki.

Lakini mama huyohuyo ndiye anayehitaji hadithi kuliko mtu yeyote. Ili apate hadhi ya ukimbizi, amesimulia maisha yake mbele ya meza ya mahojiano. Tarehe lazima zilingane. Jina la kijiji lisibadilike kati ya mahojiano ya kwanza na ya pili. Akikumbuka vingine, faili linaweza kusimama. Anakuja kanisani anaombwa ushuhuda, na huko pia kuna mpangilio unaotakiwa: nilikuwa gizani, nikaitwa, sasa nina amani. Walokole wa kwanza, waliosambaza uamsho kutoka Gahini, Rwanda, hadi Kigezi na Ankole miaka ya 1930, waliungama hadharani kwa machozi, na naheshimu urithi huo. Ila kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema kwa nafsi ya kwanza mbele ya kutaniko ambalo jirani yake amekaa humo. Aliyebakwa njiani kutoka Kivu hapaswi kulazimika kuchagua kati ya kuyasimulia kwa jina lake na kunyamaza mpaka kaburini. Mpeni mhusika. Aandike juu ya mwanamke mwingine, ampe jina lingine na mto mwingine wa kuvuka, na humo amuulize Mungu yale ambayo kwenye ushuhuda haruhusiwi kuuliza.

Ili aandike hivyo lazima awe amesoma, na asome kwa lugha anayoielewa bila kukunja uso. Maduka ya vitabu ya Mbarara yamejaa vitabu vya mitihani vya Kiingereza. Serikali ya Uganda iliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, lakini riwaya ya Kiswahili kuipata madukani ni shida. Hili halina sababu. Ukifika Kikagate unaiona Tanzania ng'ambo ya Mto Kagera, na kule Murongo watoto wanasoma shule ya msingi nzima kwa Kiswahili. Bidhaa zinavuka pale kila siku. Makanisa yanayochanga mamilioni ya shilingi kwa ajili ya kinanda na spika yanaweza kumtuma mtu mmoja avuke daraja aagize katoni moja ya vitabu.

Katoni hiyo ningependa ianze na Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepitia seminari ya Kikatoliki, aliitoa mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni Tanzania. Haina lebo ya riwaya ya Kikristo, na shujaa wake haokoki kwa namna tunayoipenda. Jina lake lenyewe ni sifa ya Bikira Maria. Zakaria, baba mlevi asiyeitunza nyumba yake, anakuta binti yake Rosa ameandikiwa barua na mvulana, na anampiga karibu kumuua, kwa ajili ya heshima. Rosa anakua hajui mwanamume ni nini ila kitu cha kuogopwa, na akishatoka chini ya mkono wa baba anapotea vibaya mpaka kujiua. Wanaosema kitabu hiki kitawaharibu mabinti hawajamtazama Zakaria. Nataka kisomwe kwa sauti katika umoja wa akina mama, sura moja kila Alhamisi baada ya maombi, wabishane nani alimuua Rosa. Mabinti wawepo. Na wazee wa kanisa waalikwe, wakae viti vya mbele kama kawaida yao, wasikilize mpaka mwisho binti zao wakimjadili baba yule.